Barua ya wazi kwa Meya na madiwani wa Valencia: mgeni wa asubuhi ndo huyo huyo wa usiku

Mheshimiwa Meya María José Catalá na waheshimiwa madiwani wote wa Ajuntament de València,

Salamu nyingi sana. Mimi ni kijana wa Kitanzania, nasoma shahada ya pili hapa kwenu na nimepanga chumba Benimaclet, mtaa ambao wanafunzi na wazee waliozaliwa hapo hapo tunapishana kwenye ngazi kila siku. Barua hii naiandika kwa Kiswahili kwanza maana wengi inaowahusu ndo lugha tunayoongea tukikutana, wanaotoka Dar, Mombasa, Nairobi, Kampala, na wale wanaosoma Ujerumani na Uholanzi wanaoshuka huku wikendi kwa ndege za bei poa. Tafsiri ya Kihispania nitaileta mwenyewe masjala pale Plaza del Ayuntamiento ili isije ikasemwa haikufika.

Nina jambo moja. Jiji lenu linajua sana kumpokea kijana mgeni asubuhi, lakini ikifika usiku linamwachia baunsa na promota halafu lenyewe linaenda kulala.

Nianze na asubuhi maana haki yenu niwape. Jumapili ya kwanza ya Desemba, siku ya marathoni, mimi sijaona jiji linalomheshimu mkimbiaji kama hili. Sisi watu wa Afrika Mashariki Valencia tunaijua hata kabla ya kuijua ramani ya Hispania. Joshua Cheptegei wa Uganda alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 hapa hapa kwenye uwanja wa Turia tarehe 7 Oktoba 2020, dakika 26 na sekunde 11, na Desemba ya mwaka huo huo Kibiwott Kandie wa Kenya akaja akaweka rekodi ya nusu marathoni, dakika 57 na sekunde 32. Marehemu Kelvin Kiptum, Mungu amrehemu, marathoni yake ya kwanza kabisa maishani aliikimbia hapa Desemba 2022 akatumia 2:01:53, na nyuma yake akaingia Gabriel Geay wetu wa Tanzania kwa 2:03:00, siku ile nakumbuka simu za watu Arusha zilivyokuwa zinalia. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Sabastian Sawe, naye ndo kwanza anaanza marathoni. Nyie wenyewe mnajiita jiji la mbio na mna haki ya kujiita hivo. Barabara mnafunga, maji yapo njiani, vyoo vipo, watu wa kujitolea wamevaa fulana wanakuelekeza kwa mkono na kwa tabasamu, bibi wa watu ametoka na sufuria anagonga kwa mwiko anakuita jina lako alilosoma kifuani. Zaidi ya watu elfu 30 wanakimbia na hakuna anayejiuliza kama yeye anatakiwa kuwa pale au la.

Sasa njooni usiku wa Jumapili hiyo hiyo.

Rafiki yangu alitoka Kampala kuja kukimbia. Sio mkimbiaji wa kulipwa, ni mhasibu tu, alijilipia tiketi, viza, kila kitu, akamaliza kilometa zake 42 akalia kama mtoto kwenye ile njia ya bluu juu ya maji pale Jiji la Sanaa na Sayansi. Usiku tukasema twende tukacheze muziki kidogo, tulikuwa wanne, yeye, mimi, binamu yangu anayesoma Ujerumani na dada mmoja wa Mombasa. Kama umewahi kukimbia marathoni unajua miguu inavyokuwa jioni yake, imekaza, ngazi unashuka kinyumenyume umeshika reli. Tumefika mlango wa disko moja, sitaitaja, baunsa kamuangalia mwenzetu anavyotembea akasema huyu kalewa haingii. Huyu mtu ni Muislamu, pombe haijawahi kupita kooni kwake. Tukamuelezea, tukamuonyesha mpaka namba ya mbio kwenye simu. Akasema sawa, toeni DNI. DNI ni kitambulisho cha raia wa Hispania, mgeni anayo wapi? Tukatoa pasipoti. Akaishika ile ya Uganda akaifungua kurasa moja moja taratibu kama anatafuta kitu kilichopotea, viza ya Schengen akaiangalia mbele na nyuma, kisha akamrudishia akasema leo kuna sherehe binafsi. Wakati anasema hivo nyuma yetu kuna vijana kama sita wanaongea Kiholanzi, mmoja bado ana kopo la bia mkononi, akawapungia wakapita, wakavishwa vitepe mkononi mbele ya macho yetu, ile sherehe binafsi haikuwahusu wao. Yule dada wa Mombasa, ambaye Kihispania chake ni kizuri kuliko changu, akaomba fomu ya malalamiko, hojas de reclamaciones, ambayo kwa sheria kila biashara inatakiwa iwe nayo na impe mteja anapoomba. Akajibiwa anazo bosi, na bosi hayupo.

Tulirudi kwa miguu mpaka Benimaclet. Mwenzetu hakusema neno njia nzima, na nyie mnaojua umbali wa kutoka kule mpaka Benimaclet mnaweza kupiga picha miguu ile ilivyokuwa.

Najua nitaambiwa ni tukio moja. Waulizeni wanafunzi weusi wa vyuo vyenu vyote viwili vikubwa, waulizeni Wamoroko, waulizeni vijana wa Kolombia, waulizeni hata Wahispania waliozaliwa hapa hapa na wazazi wa Guinea ya Ikweta, kila mmoja atakupa sababu aliyopewa mlangoni: viatu, listi, kofia, sherehe binafsi, umejaa ndani. Tumeshazoea kupanga kabla ya kutoka kwamba leo tusiende wanaume wengi pamoja, tujigawe, tuwatangulize wazungu wetu wawili watuombee mlango. Mtu wa miaka 22 hatakiwi kupanga starehe yake namna hii, inaumiza, na inaumiza zaidi kwa sababu jiji lenyewe tunalipenda.

Na sheria ipo, hamuhitaji kutunga mpya. Sheria ya Generalitat, yaani serikali ya mkoa wa hapa, namba 14 ya mwaka 2010 kuhusu maonyesho na kumbi za starehe inasema haki ya mwenye ukumbi kuchagua nani aingie haiwezi kutumika kubagua watu, na masharti ya kuingia yabandikwe mlangoni yasomeke. Sheria ya Hispania namba 15 ya 2022 ya usawa inagusa kumbi hizo hizo. Kanuni ya adhabu nayo kifungu cha 512 inamshika mfanyabiashara anayemnyima mtu huduma kwa sababu ya rangi au asili yake. Msiniambie haya ni mambo ya Generalitat au ya mahakama sio ya jiji, leseni ya kufungua ukumbi inatoka mezani kwenu na polisi wa manispaa ndo wanaokagua kama milango ya dharura inafunguka na kama sauti imezidi. Basi wakague na mlango wa mbele pia. Watumeni watu wa rangi tofauti, umri mmoja, mavazi yale yale, wapange foleni kama wateja wa kawaida, waone nani anapita nani anaambiwa kuna sherehe binafsi, na ukumbi utakaokutwa unachagua ngozi uchukuliwe hatua na jina lake litangazwe kwa utaratibu wa kisheria.

Mbona kwenye mpira imewezekana? Mei 2023 pale uwanja wa Mestalla Vinícius wa Real Madrid alitukanwa kwa rangi yake, dunia nzima ikaona, na Juni 2024 mahakama ya hapa hapa Valencia ikawapa mashabiki watatu kifungo cha miezi minane na kuwafungia viwanja. Ile hukumu ilitupa moyo sana sisi tunaoishi hapa, nilimtumia mama yangu habari yake asubuhi ile ile. Ila Vinícius alikuwa na kamera ishirini zinamtazama, mhasibu wa Kampala alikuwa na sisi watatu tu.

Nikiacha mlango, niseme kuhusu hela, maana usiku wa hapa umejengwa juu ya hela na nadhani wakubwa wengi hamjui unavyofanya kazi kwa mtu wa miaka ishirini. Watu hapa wanakula saa tatu, saa nne usiku, disko linaanza kuchangamka saa nane na linakwenda mpaka kumekucha. Kuingia ni euro 15, 20, na kinywaji kimoja ndani. Kwahiyo kuna mapromota, vijana wenzetu wanaolipwa kwa kila kichwa wanacholeta, wana magrupu ya WhatsApp ya Erasmus, wale wanafunzi wa kubadilishana wa Ulaya, wanakuweka kwenye listi unaingia bure lakini uwahi kabla ya saa saba na nusu hivi. Sasa kuanzia chakula mpaka muda huo mtu akae wapi? Baa bia ni ghali ukizidisha mbili, duka haliruhusiwi kuuza pombe ya kubeba kuanzia saa nne usiku, kwahiyo saa nne kasoro robo supamaketi foleni imejaa watoto wamebeba chupa, wananunua nyingi kuliko walivyopanga kwa sababu ya kuogopa muda, wanaenda kukaa Plaza Honduras au ufukweni, wanakunywa haraka haraka. Kunywa barabarani nako ni marufuku, polisi wakija wanahamia uwanja wa jirani, na yule mzee wa ghorofa ya pili halali, na asubuhi anawalaumu wageni. Mimi namuelewa yule mzee kabisa, jirani yangu mmoja ana miaka 80 na kitu na dirisha lake liko juu ya baa tatu. Mmeweka maeneo ya kubana kelele, Xúquer, Juan Llorens, Woody, kisha Carmen, mkapunguza masaa, na sehemu nyingine imesaidia watu wapumzike. Lakini vijana hawayeyuki mkifunga kona moja, wanahamia kona nyingine, na hakuna hata siku moja niliyosikia mkitangaza kona iliyofunguliwa.

Wazee wa hapa wenyewe wananisimulia habari ya Ruta, ile miaka ya themanini mpaka katikati ya tisini, disko zilizopangana kando ya barabara ya El Saler kuelekea Sueca, Spook Factory, Chocolate, Barraca, watu wanaanza Ijumaa wanamaliza Jumatatu, wanatoka disko moja wanaingia gari wanaenda nyingine, na wengine walifia njiani. Muziki uliotoka pale watu wanausifia mpaka leo. Jibu la wakubwa wa wakati ule likawa vizuizi vya polisi barabarani mpaka ikafa. Ninachojiuliza mimi, na nawaulizeni nyie, kwanini hakuna aliyefikiria basi? Usiku mzima, kila nusu saa, tangu mjini mpaka Les Palmeres na kurudi. Wangapi wangekuwa babu na bibi leo.

Na leo swali ni lile lile. Alhamisi ndo usiku wa wanafunzi, kila mtu anajua, chuo kikuu chenu kiko kati ya vyuo vinavyopokea wanafunzi wengi wa Erasmus Ulaya nzima, na Alhamisi hiyo hiyo treni za Metrovalencia zinaisha karibu na saa sita usiku kama vile kesho yake hakuna mtu nje. Msichana anayetoka ufukweni saa kumi usiku anachagua kati ya teksi ya hela ambayo hana na kutembea peke yake barabara ya Blasco Ibáñez yote. Dada wa Mombasa niliyemtaja anatembea ameshika funguo katikati ya vidole, amenionyesha anavyozishika. Ile meza ya zambarau mnayoweka kwenye Fallas, zile sherehe zenu kubwa za Machi, kwa ajili ya wanawake wanaosumbuliwa ni kitu kizuri mno, naomba iwepo na Alhamisi ya kawaida ya Novemba, pale pale watu wanapotoka.

Maana kufanya mnajua. Hili ndo linanifanya niandike, ningekuwa kwenye jiji lisilojua kufanya kitu ningenyamaza. Wiki ya Fallas mwezi Machi kila mtaa unafunga barabara, kamati ya falla inaleta dijei au bendi, watu wanacheza bure, bibi anacheza na mjukuu na Mjerumani wa hosteli na mimi, hakuna anayeniuliza DNI. Mwaka wangu wa kwanza majirani walinivuta mkono nikala nao paella iliyopikwa kwa kuni katikati ya lami, tangu siku hiyo nasalimiwa kwa jina mtaani. Usiku wa San Juan, tarehe 23 Juni, fukwe za Malvarrosa na Cabanyal zinajaa mioto, watu wanaruka mawimbi saa sita usiku, usafiri unaongezwa, wasafishaji wanaingia alfajiri, na kufika asubuhi unaweza kudhani hakukuwa na kitu. Mlipoamua, mliweza. Na bustani ya Turia, si ilitokana na wananchi kuwaambia wakubwa hapana? Baada ya mafuriko ya 1957 mto ukahamishwa, kukawa na mpango wa kupitisha barabara kuu kwenye kitanda cha mto, watu wakadai kiwe kijani na kikawa kijani, kilometa kama tisa, leo jioni nzima vijana wanakaa pale bila kununua chochote.

Nyumbani Zanzibar tunayo Forodhani. Ni bustani ya mbele ya bahari, jua likizama wanakuja wapishi na meza zao, taa, mishikaki, urojo, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, vijana wanaruka baharini kutoka ukutani watu wanashangilia, mtalii na mama ntilie na watoto wa madrasa wote wamekaa benchi moja. Hakuna mlango kwahiyo hakuna baunsa. Mwenye elfu mbili anakula, asiye nayo anakaa anapunga upepo na hakuna anayemfukuza. Usiku ule haujajengwa juu ya pombe, na hilo naomba mlitazame kwa makini, maana wageni wenu vijana wengi sana hawanywi, Waislamu wa kwetu, wa Moroko, wa Uturuki, na siku hizi hata wazungu wengi wameacha, ila usiku wa Valencia ukimtoa mtu kwenye pombe haumpi pa kwenda. Horchata mnayo, kinywaji kitamu kabisa cha hapa hapa Alboraya, kwanini ikifika usiku mkubwa hakipatikani?

Eneo mnalo. Marina ipo, mliijenga upya kwa ajili ya Kombe la Amerika la 2007, yale mashindano ya mashua za tanga, lile jengo la Veles e Vents linatazama maji na sehemu kubwa ya nafasi ya pembeni ikifika usiku ni upepo tu. Yale mabanda ya zamani ya bandari, Tinglado namba 2, yana paa, yana sakafu laini, jioni tayari vijana wanatelezea skeitibodi na wengine wanafanya mazoezi ya kucheza na spika ndogo, hakuna aliyewapangia, wamejipangia wenyewe. Pako mbali na vyumba vya kulala vya Cabanyal kuliko viwanja vya katikati ya mitaa. Wekeni pale taa, vyoo vinavyofunguliwa, bomba la maji ya kunywa, umeme wa kuchomeka, meza za wauza chakula wadogo wenye vibali wakiwemo wahamiaji wanaojua kupika vizuri kuliko migahawa ya watalii, na jukwaa ambalo mtu anaweza kuomba nafasi kwa intaneti akapangiwa siku. Na basi ya kurudi nyumbani mpaka alfajiri. Siombi tamasha. Naomba sehemu iwe wazi wiki hadi wiki, hata Januari.

Mtaniuliza hela itatoka wapi na mimi sio mtu wa bajeti, lakini mwaka 2024 mlikuwa Jiji la Kijani la Ulaya, 2022 mlikuwa jiji la ubunifu la dunia, pesa za kutangaza zilipatikana. Na hawa vijana mnaowaona kama kelele mliwaona Oktoba na Novemba 2024 baada ya DANA, ile dhoruba iliyoleta mafuriko. Tarehe 29 Oktoba maji yalipopita Paiporta, Catarroja, La Torre, kesho na keshokutwa yake maelfu walivuka daraja kwa miguu na mafagio na makoleo, na ndani yao walikuwepo wanafunzi wa nje ambao Kihispania chao kilikuwa hola na gracias. Nilikuwepo. Nilikuwa kwenye mstari wa kupokezana ndoo za tope na kijana wa Senegali na binti wa Poland, na mwenye nyumba alitupa mkate na soseji akatuita wanangu. Siku zile hakuna aliyetuuliza kama tupo kwenye listi.

Kwahiyo naomba mtujibu kabla ya Desemba, kabla wengine hawajashuka uwanja wa ndege wa Manises na viatu vyao vya mbio. Rafiki yangu wa Kampala ameshajiandikisha tena, ameniuliza safari hii twende wapi usiku baada ya mbio. Mimi na wenzangu wa vyama vya wanafunzi wa Kiafrika tuko tayari kuja kukaa na diwani anayehusika na vijana, na wa usalama, na wa usafiri, siku yoyote jioni baada ya vipindi, tutakuja na orodha ya watu waliokubali kueleza yaliyowakuta mlangoni, tarehe na saa, na kama hamna ukumbi wa kikao usiku, Tinglado iko wazi.

Wenu katika kuipenda Valencia,
Mwanafunzi Mtanzania, Benimaclet